Kiti cha Mzee Gayus

Jumapili, 2 Oktoba

Mvua zimeanza. Leo zilipiga bati la kanisa kwa nguvu hata Mzee Gayus akaacha kusoma matangazo katikati, na zilipotulia hakuweza kuuona mstari alioishia. Aliisogeza karatasi mpaka puani, akaisogeza mbali, mwisho akaikunja. Akatuambia pale pale kwamba macho yake yamekwisha. Ameuongoza usharika huu wa Lumban Sorat miaka ishirini na sita na sasa inatosha. Mwezi wa kwanza tumchague mwingine.

Mchungaji wetu Bonar ana sharika tano, kwetu huja mara moja kwa mwezi. Anayekaa kwenye kile kiti kando ya mimbari ndiye hasa anayelichunga kanisa. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na minne. Nafundisha shule ya msingi, nahubiri bila karatasi, tembo siligusi. Nimeanza daftari hili leo ili wanangu siku moja wasome jinsi Bwana alivyoniandaa. Kiti sikitaki. Nataka tu kuwa tayari nikiitwa.

Jumatatu, 3 Oktoba

Mvua. Kahawa haikauki.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kijijini yanatajwa majina mawili, langu na la Haposan.

Haposan ni kaka wa mke wangu, na kwetu kaka wa mke huheshimiwa kama mzazi. Kwenye sherehe zake mimi ndiye mchota maji na mkata nyama, yeye hukaa mkekani akiletewa, na shahada yangu ya ualimu haibadilishi kitu. Hilo sijawahi kulilalamikia. Lakini kanisa si mkeka wa ukoo. Haposan akisoma hufuata mstari kwa kidole na kukwama kwenye majina. Hajui kuhubiri. Anachojua ni kucheka, kubeba wagonjwa, na kuwaita wanaume siku ya kuzibua mfereji wa majaruba ya mpunga. Watu humpenda kama wanavyolipenda jiko wakati wa baridi. Huwezi kulikabidhi jiko usharika.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimehubiri. Dakika hamsini, na hakuna aliyesinzia isipokuwa wale wa siku zote. Nje ya kanisa Haposan alinishika bega mbele za watu. "Shemeji, leo umehubiri mpaka wali wa mke wangu umekuwa uji," akasema. Wote wakacheka, hata Rosinta, mke wangu mwenyewe. Nami nikacheka. Nimekuwa nikilifikiria neno lile mchana kutwa.

Jumatano, 12 Oktoba

Mvua. Nimemtembelea Mzee Gayus na kumsomea barua zake. Hakusema lolote kuhusu kiti.

Jumatatu, 17 Oktoba

Haposan amekuja alasiri nikiwa nafunika kahawa kwa turubai. Hakutania. Alishika upande wa pili wa turubai, tukafunika, kisha akakaa juu ya gunia tupu barazani na kuniomba Rosinta asiitwe kwanza.

Binti yake Duma, aliyekuwa akifanya kazi dukani mjini Medan, amerudi wiki tatu sasa. Tuliambiwa ana homa ya matumbo. Sivyo. Ana mimba ya miezi sita, na mwanamume ni mume wa mtu. Wiki iliyopita mama yake alimkuta nyuma ya banda akiwa na chupa ya dawa ya magugu mkononi, ameshafungua kifuniko.

"Najua kanuni, shemeji," Haposan alisema. "Mimi ni mzee wa kanisa, ningepaswa kusema siku ile ile. Nitasema. Nitamleta mwenyewe mbele ya kanisa, nimshike mkono. Lakini acha ajifungue kwanza. Akisomwa jina kanisani sasa hivi, nitampoteza yule mtoto. Nimekuja kwako kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu."

Nikamwekea mkono na kuomba. Niliomba vizuri, alilia. Nilimwahidi kwamba halitatoka kinywani mwangu. Alipoondoka niliingia ndani, na ninaandika hapa ukweli wote: nilihisi wepesi. Nikasema ni furaha ya kuaminiwa.

Jumanne, 18 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimeisoma upya kanuni ya nidhamu ya kanisa. Mzee anayejua dhambi ya nyumba yake akaificha, anatengwa pamoja na mwenye dhambi. Hakuna kifungu kinachosema asubiriwe. Je, mimi ninayejua na kunyamaza, si nimekuwa mfichaji wa pili? Nitaombea jambo hili siku saba.

Jumapili, 23 Oktoba

Baada ya ibada Mama Marsinta na wenzake wa kwaya walikuwa wakisema kwa sauti kwamba Haposan atawafaa, kwa kuwa ana moyo. Mmoja akasema, "Kusoma tutamsomea." Walijua nasikia.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimeshapata amani kuhusu jambo lile. Siku saba hazikuhitajika.

Jumamosi, 5 Novemba

Baraza la wazee, Mchungaji Bonar akiwepo. Haposan hakuja, alikuwa amempeleka Duma zahanati ya mbali, wasikojulikana. Nilisimama nikasema kwamba nimebeba mzigo mzito kwa ajili ya utakatifu wa kanisa, nikalisema lote. Chupa sikuitaja.

Mchungaji bado kijana na anachoka upesi. Alijifuta uso akauliza kama hatuwezi kungoja binti ajifungue. Nikafungua kanuni nikasoma. Nikasema kanuni haina ndugu, na kwamba mimi ndiye ninayeumia kuliko wote maana huyo ni kaka wa mke wangu. Mzee Gayus aliuliza nimelijuaje. Nikasema kwa njia zinazostahili. Aliugeuza uso wake upande wangu muda mrefu, ingawa haoni kitu.

Kura zilikuwa sita kwa mbili. Watatengwa wote, baba na binti, mpaka watubu na kurudi kundini.

Jumapili, 6 Novemba

Rosinta hajui bado. Amepika samaki kwa manjano na pilipili ya msituni, amemtumia kaka yake bakuli.

Jumapili, 13 Novemba

Mzee Gayus alikataa kusoma. Alisema ni macho. Kwa hiyo matangazo nimesoma mimi, kutoka kando ya kile kiti, kwa sauti isiyotetemeka. Haposan alikuwa benchi la tatu, amevaa koti lake la harusi. Nilipofika kwenye jina lake hakuinamisha kichwa. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyesikia nyumbani kwake lugha asiyoijua. Kisha akamshika mkewe mkono wakatoka, polepole kwa sababu njia ya katikati imejaa watoto, na watu wakakunja miguu kuwapisha.

Rosinta alibaki amekaa mpaka kanisa likawa tupu. Nyumbani aliniuliza swali moja tu, kama kaka yake ndiye aliyeniambia. Nikasema kuna mambo ya baraza yasiyozungumzwa na wake. Akasema, "Basi ni yeye."

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Rosinta hasemi.

Alhamisi, 17 Novemba

Mama Duma sasa analala chumba kimoja na binti yake na ufunguo wa ghala ameufunga kiunoni. Rosinta amenieleza habari ya ile chupa kama mtu anayenifundisha. Sikumwambia kwamba naijua.

Jumapili, 20 Novemba

Wanaume wa mfereji walikuwa wakinong'ona kama inafaa kuitwa kazini na mtu aliyetengwa. Nikasema msihangaike, nitaiongoza mimi. Haposan amefanya kazi ile miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumshukuru kanisani. Nimetangaza: Jumamosi tarehe 3 tutapanda mlimani, kila nyumba mtu mmoja na jembe. Ilisikika vizuri.

Ijumaa, 25 Novemba

Mvua, siku ya tano mfululizo. Ziwa halionekani kutoka hapa juu, ni ukungu tu.

Jumanne, 29 Novemba

Nimekutana na Haposan kwenye njia ya shule, amebeba kikapu cha kahawa mbichi. Nilidhani atanipita. Alisimama. Aliniambia ukuta wa mfereji pale kwenye kona ya mwamba umeanza kuvuja, na nisiwapeleke watu pale bila mti wa kuegemeza. Akanieleza mti upi na uchomekwe wapi. Nikamjibu kwamba nitaangalia.

"Shemeji," akasema, "kama ulikuwa unakitaka kile kiti ungeniambia. Tungeshindana kama wanaume, tukacheka."

Nikasema simwelewi. Akatikisa kichwa, akajitwisha kikapu vizuri, akaenda. Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, na nimeyaandika ili nipime baadaye kama hayakuwa na kiburi ndani yake.

Ijumaa, 2 Desemba

Wazee wa sharika jirani watakutana kesho kuandaa Krismasi ya pamoja, na mkuu wa jimbo atakuwepo. Ni vema nionekane. Nimeahirisha kazi ya mfereji mpaka tarehe 10. Wiki moja si kitu.

Jumamosi, 3 Desemba

Mkutano umekwenda vizuri. Mkuu wa jimbo amenikumbuka jina.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumua.

Alhamisi, 8 Desemba

Saa nne asubuhi nilikuwa darasani. Tulisikia kitu kama lori linalomwaga kokoto, kisha kimya. Watoto walikimbilia dirishani. Mlima juu ya kona ya mwamba ulikuwa na doa jekundu ambalo halikuwepo.

Maji yalikuwa yamepanda juu ya ukuta wa mfereji tangu asubuhi na kuelekea nyumba za chini. Haposan aliyaona akiwa shambani. Hakuwa na wa kumwita, maana kazi haikuwa yake tena. Alikwenda peke yake na jembe na gogo moja. Mama Duma alimwona kutoka bondeni akilichomeka gogo. Akageuka kuwasha moto, akasikia.

Wamechimba wanaume wote. Nami nimechimba. Hatujampata.

Ijumaa, 9 Desemba

Wamempata saa tatu asubuhi. Alikuwa amekaa, udongo umemfika kifuani, mikono imelikumbatia lile gogo. Mfereji umefunguka, maji yanapita pembeni ya nyumba za chini kama alivyotaka.

Rosinta ameosha miguu ya kaka yake. Mimi nilisimama mlangoni na hakuna aliyenipisha wala kunifukuza.

Mtu aliyekufa akiwa ametengwa hapigiwi kengele, hazikwi na kanisa, na wazee hawamwombei kaburini. Barabara ya kwa mchungaji imefunikwa na udongo. Wazee tumekaa kuamua, na baraza limeona kanuni ifuatwe. Mikono yangu ilifungwa.

Jumamosi, 10 Desemba

Leo ndiyo siku niliyopanga kuzibua mfereji.

Walimzika mchana. Kijiji kizima kilikwenda, wa kwetu na wa vijiji vya ng'ambo, chini ya miavuli na majani ya migomba. Kwa desturi ningekuwa jikoni nimefunga kitambaa kiunoni, nachota maji, nakata nyama, nawahudumia wafiwa wa upande wa mke wangu. Asubuhi nilikwenda nikashika ndoo. Mama Duma alitoka nje, amefunikwa shuka ya kufumwa ya mjane, akaniambia taratibu, "Hiyo ndoo iache, Baba Togar. Maji ya mume wangu yatachotwa na wengine." Nikaiweka chini.

Nikaenda kanisani. Niliogopa mtu angekuja kupiga kengele, na kama ingepigwa, kutengwa kule kungekuwa bure, na watu wangesema mbona basi tulimtenga. Nikakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na kamba.

Aliyekuja alikuwa Rosinta. Alikuwa ameloa mpaka nywele. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe kamba. Ni kaka yangu."

Nikasimama nikaishika mimi. Nikaanza kumweleza. Nilisema kanuni, nikasema mfano kwa washarika, nikasema Januari. Neno Januari lilitoka lenyewe.

Aliitazama mikono yangu, hakunitazama usoni. "Sawa," akasema. "Ishike."

Akatoka. Nilisikia kutoka makaburini watu wakianza kuimba bila kiongozi, wakikosea pa kuanzia, kisha wakashikana. Mvua iliwapoteza na kuwarudisha. Niliishika kamba mpaka walipomaliza.

Jumapili, 11 Desemba

Rosinta hajarudi. Yuko kwa wifi yake. Nimeongoza ibada mbele ya watu kumi na saba.

Jumanne, 13 Desemba

Nilichoandika Ijumaa si kweli. Nimejaribu kuifuta karatasi, haifutiki vizuri, basi niandike hapa.

Baraza halikuamua. Mchungaji Bonar alipiga simu saa sita mchana, sauti ikikatika, akasema hawezi kufika na kwamba kanuni inaruhusu huruma panapokuwa na msiba wa ghafla. "Wewe uliyepo hapo amua kwa moyo wako," alisema. Niliwaambia wazee simu ilikatika kabla hajasema kitu. Wawili walitaka kengele ipigwe. Niliwauliza nani ataandika jina lake kwamba ndiye aliyevunja kanuni, na wakaliacha jambo hilo.

Ningeweza kuipiga. Nilijua hivyo nikiwa nimeishika.

Jumatano, 14 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 15 Desemba

Mvua. Nimepika wali ukaungua.

Jumanne, 20 Desemba

Nimekwenda kumwomba Rosinta arudi. Tulizungumza barazani kwa Mama Duma, Rosinta akichagua kahawa mbovu na nzuri, mikono haisimami. Nikamwambia kwamba Haposan asingekifurahia kile kiti. Alikuwa mtu wa mashamba, kingemchosha. Nilidhani ni neno la faraja.

"Alikuwa anakitaka," Rosinta alisema. "Wifi ameniambia. Tangu Mzee Gayus aseme macho yake yamekwisha, kila asubuhi alisimama pale jikoni na tangazo la zamani, anawasomea kuku. Anakwama kwenye majina, anaanza tena. Akimaliza bila kukwama anawaambia kuku waketi." Alicheka, na kile kicheko kikageuka kilio. Aliweka ungo chini akajifunika uso kwa kitenge.

Karibu miezi mitatu nilikuwa nimemwandika humu kama mtu anayependwa bila kujua, mtu wa kucheka. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akijiandaa. Sikuwahi kufikiri kwamba alitaka kitu kama ninavyotaka mimi, ila yeye alikitaka na bado akanieleza pa kuchomeka gogo.

Hakurudi nami.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Mwanangu Togar amepiga simu kutoka mjini Batam kumtafuta mama yake. Nikamwambia yuko kwa mjomba. Akasema mjomba hayupo, Baba.

Jumapili, 8 Januari

Nimechaguliwa. Hapakuwa na jina lingine. Mchungaji aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ilipanda taratibu, mmoja mmoja, kama ya watoto wasio na uhakika wa jibu. Mzee Gayus aliongozwa kutoka kwenye kiti na mjukuu wake wa kike, nami nikakaa.

Ni kiti cha mbao ngumu na kina mguu mmoja mfupi. Kutoka pale unaona nyuso zote. Hilo sikuwa nimelijua. Miaka yote nilikuwa nikifikiria jinsi watakavyoniona mimi. Hakuna aliyenishika mkono mlangoni. Mama Marsinta peke yake alisema, "Hongera, mzee," akapita.

Jumatatu, 16 Januari

Duma amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Nimezisikia habari kwa wanafunzi wangu.

Jumapili, 22 Januari

Niliandaa mahubiri, nikasimama, nikasahau. Nilisoma somo mara mbili nikaketi. Watu wakafikiri naumwa.

Ijumaa, 27 Januari

Mvua zinapungua. Nimepanda pikipiki mpaka kwa Mchungaji Bonar. Jumapili hii Duma atasimama mbele ya kanisa kurudi kundini, ili mwanawe abatizwe. Baba yake aliahidi kumshika mkono. Nikamwambia mchungaji nataka kuacha kiti, na nataka nisimame naye siku hiyo hiyo, kama mtu aliyetengwa anayetaka kurudi.

Nikamwambia yote, ya Oktoba na ya simu. Kuhusu simu alifumba macho. Alisema barua ya kujiuzulu ataipokea baada ya ibada hiyo, lakini kusimama haiwezekani, kwa kuwa hakuna aliyenitenga. Alifungua kanuni akapekua. Uzinzi umo, ulevi umo, wizi na ramli vimo. "Hiki cha kwako hakina kifungu," akasema. "Kama kingekuwepo, Baba Togar, sijui tungebaki na wazee wangapi." Hakuwa anatania. Akaniambia niondoke kimya kimya, itakuwa heshima zaidi kwangu. Njiani nikalitafakari lile neno heshima.

Jumamosi, 28 Januari

Nimeandika ungamo langu kurasa tatu. Nimelisoma kwa sauti. Ni zuri. Kuna mahali pa katikati ambapo watu wangelia, na nilijikuta nikilirudia pale mahali nikitafuta pa kupumzika. Hapo nikaelewa ninachofanya, nikazitia karatasi jikoni motoni.

Jumapili, 29 Januari

Jua tangu asubuhi. Kanisa lilijaa kuliko Krismasi.

Mchungaji alimwita Duma. Alitoka benchi la tatu na mtoto kifuani, amekonda, akatembea peke yake mpaka mbele. Mama yake alitaka kunyanyuka, Duma akamzuia kwa kutikisa kichwa. Watu walimtazama mgongoni. Nilijua wanavyomtazama, maana ni mimi niliyewafundisha.

Nikainuka kutoka kwenye kile kiti na kwenda kusimama kando yake, nikiielekea madhabahu kama yeye. Mchungaji alisita. Nilidhani ataniambia nirudi. Alimuuliza Duma maswali yaliyoandikwa, akajibu kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza mimi swali ambalo halikuandikwa popote. Aliniuliza nimefanya nini.

Miaka kumi na minne sijawahi kukosa maneno mahali pale. Niligeuka niwatazame. Rosinta alikuwa kando ya Mama Duma.

"Haposan aliniamini na siri ya mtoto wake," nikasema. "Nikaitoa. Nilisema ni kwa ajili ya kanisa. Nilitaka nafasi yake. Na siku ya kuzikwa, mchungaji aliniruhusu nipige kengele, sikupiga. Niliishika kamba."

Hakuna aliyelia. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mtoto akaanza kulia, Duma akambadilisha bega. Hakunitazama. Mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Duma na mwingine juu ya changu, akaomba kwa ufupi.

Kiti kilibaki kitupu ibada nzima.

Nje watu walinipita kama maji yanavyopita jiwe. Mzee Gayus aliulizia nilipo, akanishika mkono, akaongozwa nyumbani kwake. Rosinta alinijia. Sura yake imechoka, ameanza mvi mbele ambazo sikuwa nimeziona. Alisema hatarudi bado. Alisema labda hatarudi. Alitaka nijue kwamba amesikia.

Nilikuwa nashuka ngazi pale Mama Duma aliponiita. Alikuwa amembeba mjukuu, amesimama juani, macho kayakunja.

"Kesho alasiri tunachuma shamba la juu," akasema. "Tuko wanawake watatu na kahawa inaanguka. Kama utakuja, njoo na kikapu chako. Na usiniambie kitu. Uchume tu."

Nikasema nitakuja.

Jumatatu, 30 Januari

Nimechuma.